Kifo Hakina Kinyume

Kiswahili kimejaa vitenzi vya kutengua. Ulichofunga utakifungua, ulichokunja utakikunjua, ulichoziba utakizibua, ulichoshona utakishonoa. Nguo ulizoanika asubuhi utazianua jioni kabla ya umande. Mtego uliotegwa huteguliwa, na jambo lililotatana hutatuliwa. Mkono ukifanya, mkono huo huo waweza kutengua, na mtoto wa pwani huijua kanuni hiyo kabla hajafungua kitabu cha sarufi.

Tangu tumzike ami yangu kisiwani Ndau nimekuwa nikiipitia orodha hiyo moyoni, nikikitafuta kinyume cha kitenzi kimoja. Sikioni. Kufa hakuna cha kutengulia. Tulipomfukia nilijua kwamba lugha ina kufukua, lakini afukuaye kaburi hupata mifupa, mtu hampati. Wazee walikwisha kulisema kwa ufupi: maji yakimwagika hayazoleki.

Basi aliyefiwa anabaki na kazi mbili. Ya kwanza ni kutenganisha yale yanayogeuzika na yale yasiyogeuzika, asije akamaliza machozi yake kwenye mlango usiofunguka. Ya pili ni kuyaiga yale yaliyoondoka na mtu wake, maadamu hawezi kuyarudisha. Hayo ndiyo niliyojifunza katika msiba huu, na nitayaeleza kwa kazi ya ami mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Ndau ni kisiwa kidogo cha Lamu Mashariki, kati ya Pate na Kiwayu. Wenyeji wake ni Wabajuni, Watikuu kama wanavyojiita, na lahaja yao ni Kitikuu. Maisha yao ni bahari: nyavu, mishipi, mitego, kuzamia kamba miambani, na mikoko inayokizunguka kisiwa. Mahali kama hapo fundi wa vyombo ni mtu wa kila nyumba, kwa kuwa hakuna nyumba isiyokula kwa chombo.

Ami alikuwa fundi wa namna hiyo. Alijenga madau na mashua za wavuvi kwa tezo, msumeno, keekee na nyundo. Karatasi ya mchoro sikuiona mkononi mwake. Mkuku ukishalazwa na mbao za chini zikishashika, alichukua kipande cha ubao mwembamba akakichonga kidogo kidogo, kila mara akikijaribisha ndani ya ubavu wa chombo, mpaka kikalala juu ya mbao bila kuacha mwanya wa kupitisha ukucha. Hicho ndicho kilikuwa kigezo. Kisha alikwenda nacho kwenye rundo la miti iliyopinda yenyewe, akawa anakilinganisha na mti mmoja mmoja, kwa sababu taruma zuri hukatwa katika mti uliozaliwa na pindo lake. Mti ukilazimishwa kupinda, siku moja huukumbuka unyoofu wake ukaachia msumari. Akishalipata taruma la upande wa kulia, alikipindua kigezo kile kile, uso wa juu ukawa chini, akakata taruma la kushoto. Yakiwekwa mkabala, yalikuwa kama viganja viwili vya mtu mmoja.

"Ukigeza vizuri," alikuwa akisema, "ukigeuza hakuna kosa."

Maneno hayo niliyasikia utotoni bila kuyatia maanani. Leo nayarudia mara kwa mara. Kugeza ni kuiga, kufuatisha kipimo cha kitu mpaka kingine kikawa mfano wake, na ndiko kulikotuzalia kigezo. Kugeuza ni kubadili upande, hali au sura. Irabu moja tu inayatenga maneno haya mawili, na mkononi mwa ami hata irabu hiyo haikuonekana: ubao ule ule uligeza, ukageuza, na chombo kikapata mbavu zake za pande mbili. Chombo kilichogezwa bila kugeuzwa kingekuwa na ubavu mmoja. Kilichogeuzwa bila kugezwa kingekwenda upande, na bahari haina huruma na chombo kinachokwenda upande.

Siku za msiba nazo zilinifundisha. Watu walikuja kwa mashua kutoka Kizingitini, Mbwajumwali na Kiwayu. Mikeka ilitandikwa, Kurani ikasomwa, hitima ikasomwa, kisha matanga yakaanuliwa. Nimeliwaza sana neno hilo. Tunaanua matanga kama tunavyoanua nguo kambani, au samaki waliokauka. Kwa hiyo hata katika msiba kuna kinachotenguliwa. Kilio hukoma, mikeka hukunjwa, wageni hurejea kwao. Mjane hukaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha hutoka. Dini na mila zimetuwekea mipaka ambayo ndani yake huzuni ina mwanzo na mwisho. Ni rehema kubwa, kwa kuwa moyo ukiachiwa wenyewe haujui siku ya kukunja mkeka. Lakini kinachoanuliwa ni matanga. Kifo hubaki pale kilipowekwa.

Hata maneno hugeuzwa. Watoto wa pwani walikuwa na mchezo wa kusema kinyume: silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, ili mkubwa au mgeni asielewe. Nyumba ikawa mbanyu, kesho ikawa shoke. Mchezo huu ni wa zamani. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Zanzibar na baadaye akawa askofu, aliutaja katika kitabu chake cha Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Aliyeuzoea aliweza kupanga njama mbele ya mama yake mzazi bila ya kugunduliwa.

Lakini katika mchezo huo yapo maneno yasiyokubali kugeuka: mama, baba, dada, kaka, bibi. Lete nyuma mbele, peleka mbele nyuma, ni yale yale. Kwa mtoto hiyo ni kasoro ya mchezo, kwa maana siri humtoka pale pale anapomtaja mama. Kwa mtu mzima aliyefiwa ni faraja. Baba aliyekufa ni baba. Mtoto wake haitwi jina jingine, damu yake haihesabiwi upya, na dua inayomfikia humfikia kwa cheo kile kile. Kifo kinageuza mengi ndani ya nyumba: mwenye kauli, mwenye ufunguo, anayekaa kichwani mwa sinia. Unasaba hakiugeuzi. Aliye na huzuni na alishike hilo, kwa sababu ni kweli, na halimtegemei yeye kuwa na nguvu.

Kugeuza kuna sura nyingine ambayo watu wa visiwa wanaijua vizuri. Ndau na visiwa jirani vinategemea mvua. Maji hukingwa kwenye jabia, ile sakafu kubwa yenye mteremko na birika lake, na mvua ikikawia visima vya maji ya chumvi havimtoshi mtu wala mnyama. Mwaka wa ukame watu hutoka kusali sala ya kuomba mvua, na katika sala hiyo imamu hugeuza vazi lake, la kulia likawa kushoto, akifuata alivyofanya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Anageuza shuka akimwomba Mola ageuze hali. Na hapo pia kugeza na kugeuza vimekutana: anageuza kwa kumuiga aliyegeuza kabla yake, karne kumi na nne zilizopita, mbali na bahari hii. Tendo limehifadhika kwa sababu kila kizazi kililitazama likifanywa, kikalifanya.

Si kila kigeuzwacho hurudi kilivyokuwa. Wakati wa vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara vilihamwa, na watu wakavuka kuja visiwani na vitu walivyoweza kubeba. Kuhama kinyume chake ni kurejea, na kwa miaka mingi wazee waliongea juu ya kurejea kana kwamba mashua imekwisha kupakiwa. Wengi hawakurejea. Mashamba yakaingia msitu, minazi na miembe ikabaki kuonyesha palipokuwa na nyumba. Yaliyovuka nao ni yale tu yaliyokuwa mwilini mwao: namna ya kulima, namna ya kusuka mkeka, majina ya mahali, Kitikuu chao. Hayo hayakuhitaji mashua. Yalipitia kwa watoto waliowaiga, na ndiyo maana yapo.

Lakini kuiga nako kuna nyuso nyingi, na si zote nzuri. Kuna kuiga kwa mwanafunzi, ambako methali yetu inakusifu: mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Kuna kuigiza kwa mchezo, ambako kunafurahisha. Kuna kughushi, ambako ni kuiga kwa mwizi. Na kuna kumwigiza mtu kwa dhihaka, kumrudishia sauti yake ili wengine wacheke. Mtoto wa Ndau anayekwenda kusoma Lamu mjini au Mombasa hukutana na huko kwa mwisho mapema sana. Anafungua kinywa, Kitikuu kinatoka, na wenzake wanamrudishia matamshi yake kwa kuyavuta na kuyapinda. Anahizika. Siku ya pili anasema machache, na mwisho wa muhula amekwisha kujifunza kusema kama wao. Akirudi nyumbani likizo, bibi yake anamsikiliza na kumwona mgeni. Huo ni msiba usio na matanga. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekuja kutoa pole, lakini kitu kimetoka ndani ya nyumba na hakina siku ya kurudi.

Wako Wabajuni waliopata uchungu mkubwa zaidi kwa ajili ya neno hili la kuiga. Dola ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vya Chula, Koyama na Chovai walikimbia. Wengi waliingia Kenya kwa bahari, na baadhi walifika Uingereza kuomba hifadhi. Huko walitakiwa kuthibitisha kwa ulimi wao kwamba ni Wabajuni, na Wabajuni wa Somalia hasa. Sauti zao zilirekodiwa zikapelekwa kwa wapimaji wa lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu uwezo wa mwombaji kusema Kibajuni. Katika miaka hiyo wapo walioambiwa kwamba si wakimbizi, ni watu wa Kenya wanaojifanya. Nafahamu kwamba serikali hulinda mipaka yake, na kwamba waongo wapo katika kila safu ya watu. Lakini fikiri juu ya mtu aliyejifunza kusema kwa kumuiga mama yake, kama tulivyojifunza sote, akakaa mbele ya meza katika nchi ya baridi akaambiwa kwamba anaiga. Mpaka wa Kenya na Somalia ulichorwa juu ya watu wanaosemezana na kuoana tangu zamani. Kipimo gani kitakachosema kwa hakika kwamba ulimi huu ni wa upande huu wa mstari? Nyumba yake imekwenda, bahari yake imekwenda, na sasa hata sauti yake inahesabiwa kuwa si yake.

Ni kwa sababu hiyo sitaki kuiga kudharauliwe. Kwetu mtu huwa mtu kwa kuiga. Fundi mpya hushika tezo kama alivyoliona limeshikwa. Msichana husuka ukili vidole vyake vikifuata vidole vya shangazi. Sheria ya kazi hizi ni kwamba haziandikwi, hutazamwa. Zikikosa watazamaji kwa kizazi kimoja tu, hukatika, na zikikatika hakuna kitenzi cha kuziunga.

Tunao ushahidi wa jambo hilo katika historia ya vyombo vyetu wenyewe. Kabla ya misumari kutawala, visiwa hivi ndivyo vilivyokuwa maskani ya mtepe: chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kutiwa vijiti vya mti, chenye tanga la mkeka la pembe nne, na gubeti lililochongwa kama shingo na kichwa cha ngamia. Nao ulikuwa mwigo, kwa kuwa watu walisema ngamia huyo ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Kamba zake zikichakaa zilishonolewa, zikashonwa upya. Chombo kizima kilikuwa kimejengwa juu ya matumaini kwamba kutengua si kuharibu, na kwamba mikono ya kushona tena itakuwepo. Katika karne ya 20 mikono hiyo ikatoweka. Mwaka 1941 James Hornell, mtaalamu wa Kiingereza wa vyombo vya baharini, alipochapisha makala juu ya mtepe wa Lamu, alikuwa akieleza kitu kilichokuwa kikiaga.

Leo mtepe unaonekana kwa mfano. Makumbusho yana mitepe midogo ya kuwekwa mezani, na Zanzibar ulijengwa upya mtepe mzima ukawekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib. Ni kazi njema, na waliofanya wanastahili shukrani. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka, watu wakapoteza maisha, na sote tukakumbushwa kwamba hata nyumba ya kuhifadhia hufa. Mwigo uliowekwa ndani ya chumba ni mmoja, na ukiharibika hakuna fundi wa mtaa wa kumwita aje na kamba zake.

Uweke mkabala na dau la Flipflopi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walilikamilisha kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndara kuukuu za rangi zote, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Hakuna ubao wa mbambakofi ndani yake. Ukitazama kitu lilichojengewa, utasema kila jambo limegeuzwa. Ukitazama umbo, mkuku, mataruma na tanga, utaona dau la Lamu lenyewe, kwa sababu waliojenga kwa plastiki ile walikuwa wameshika miti maisha yao yote. Malighafi ilibadilika, kipimo kikabaki. Mtepe una mfano lakini hauna mikono. Flipflopi ina mikono, na kwa hiyo ilipata chombo hata ndani ya takataka.

Hayo yalinirudisha kwa ami. Vigezo vyake vilikuwa vimetungikwa ukutani mwa banda lake pwani, vimepangwa kwa ukubwa, baadhi vimekuwa vyeusi kwa mikono na mafuta ya kalafati. Baada ya mazishi banda lilivunjwa kwa kuwa lilikuwa limeoza, na vigezo vikaingia kwenye kuni. Hapana wa kulaumiwa. Kwa asiyeijua kazi vilikuwa vipande vya ubao uliopinda. Niliposikia niliumia, kana kwamba tumemzika mara ya pili.

Kisha nikakiona chombo kipya pwani, na kijana aliyekuwa akimshikia ami mbao tangu hajaota ndevu akiwa ndani yake, amepiga goti, ana kipande cha ubao mwembamba mkononi. Anakichonga kidogo, anakijaribisha, anakitoa, anakichonga tena. Halafu akakipindua. Hakuvihitaji vigezo vya ami hata kimoja, kwa sababu kila chombo hudai kigezo chake. Alichokuwa nacho ni namna ya kukitengeneza, na namna hiyo haikuwa ukutani. Ilikuwa katika goti lake lilivyokaa, katika kichwa kilivyoinama upande, katika ulimi alioubana menoni kama alivyoubana ami. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona kitu ambacho kifo hakikukipata.

Kwa hiyo nasema na wewe msomaji, uwe umetoka visiwani au bara, uwe una mzee mwenye kazi, mwenye lahaja, mwenye dua au mwenye mapishi. Usitosheke kumpiga picha. Picha ni njema, rekodi ni njema, lakini hazishiki tezo. Kaa naye, umshikie ubao. Mlete mtoto wako akae naye pia, na umwache aige, hata kama mwanzoni anaiga vibaya. Akisema Kitikuu, Kipate, Kisiu au lahaja yoyote ya nyumbani kwenu, asichekwe, wala mwalimu asimzomee. Kiswahili sanifu atakijua, na hakuna haja ya kuutoa ulimi wa bibi yake kama bei. Na mgeni akija na ulimi unaofanana na wetu, tuwe wazito wa kusema kwamba anajifanya.

Kifo hakitenguliki, na hatukuamrishwa kukitengua. Walichokuwa nacho wafu wetu kinagezeka maadamu yuko hai mmoja wa kugezwa, na muda wa kukigeza ni huu.